Duara la Baiskeli Kando ya Mto: Namna ya Kupanga Safari ya Familia Katika Msitu wa Karura

Baiskeli ni chombo kisichohitaji kutambulishwa kwa mtu ye yote wa Afrika ya Mashariki. Imebeba ndizi, maziwa, mkaa na maji. Imewafikisha wakunga kwa wazazi na wagonjwa kwa waganga. Mpakani Busia, baina ya Uganda na Kenya, tangu miaka ya 1960 vijana waliwavusha wasafiri kwa baiskeli kutoka upande mmoja hadi wa pili, na kutokana na kazi hiyo likazaliwa jina la bodaboda, ambalo leo limerithiwa na pikipiki. Hata hivyo, chombo hicho hicho kilichotumikia kazi kwa miaka mingi hakijapewa nafasi ya kutosha katika mapumziko ya nyumbani. Baba hukipanda kwenda kazini, kijana hukipanda kwenda sokoni, lakini ni mara chache familia nzima hukipanda pamoja kwa ajili ya kuona nchi.

Kwa familia ya askari au ya polisi jambo hili lina uzito wake. Likizo ni siku chache, na siku hizo aghalabu humalizika katika kutengeneza paa, kulipa madeni na kupokea wageni. Watoto hukua wakimjua baba kwa sare yake na mama kwa kazi zake. Safari ya saa mbili au tatu kwa baiskeli, katika njia yenye miti na mto, haigharimu fedha nyingi, nayo huwaweka wote katika mwendo mmoja. Lakini safari ya namna hiyo ikipangwa ovyo huleta machozi, magoti yaliyochubuka na ugomvi wa nani aliyepoteza njia. Ndiyo sababu yafaa ipangwe kwa uangalifu, na hakuna mfano bora wa kujifunzia mipango hiyo kuliko msitu wa Karura, katika jiji la Nairobi.

MSITU NDANI YA JIJI

Karura uko kaskazini mwa Nairobi, kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji, mahali penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, na eneo lake ni hekta 1,000 hivi. Sehemu yake kuu iko baina ya Barabara ya Limuru, upande wa magharibi, na Barabara ya Kiambu, upande wa mashariki. Sehemu nyingine, iitwayo Sigiria, iko ng'ambo ya Barabara ya Limuru. Jirani yake, huko Gigiri, ndipo yalipo makao makuu ya shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mazingira.

Miti ya Karura ni ya aina mbili. Ipo miti ya asili: mihugu, ambayo wachonga vinyago huijua kwa ugumu wake, mizeituni ya mwituni, na ile ambayo Wakikuyu huiita mikinduri na mithiga. Tena ipo mikaratusi na miti mingine ya kigeni iliyopandwa wakati wa ukoloni, hasa kwa ajili ya kuni za magari moshi. Katika miaka ya karibuni mikaratusi mingi imekatwa kidogo kidogo na mahali pake kupandwa miche ya asili. Hivyo mwendesha baiskeli hupita mara katika safu zilizonyooka kama gwaride, na mara katika kivuli kizito ambamo hakuna mti uliosimama sawa na mwenzake.

Mito midogo hukatiza msitu huo ikielekea mashariki, na mmojawapo ndio uliobeba jina la Karura. Mto huo una maporomoko ya maji, na karibu yake yamo mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau husemekana kuwa waliyatumia kujificha katika miaka ya 1950. Maji yake huendelea hadi mto Nairobi, kisha mto Athi, ambao ukifika nchi ya chini huitwa Galana, na mwisho Sabaki, hata kumwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Mtoto akiambiwa kwamba jani alilolidondosha majini penye daraja laweza kufika baharini, atautazama mto kwa jicho jingine.

ARDHI ILIYOTETEWA

Kabla ya kuzungumzia njia, hapana budi kueleza jinsi njia hizo zilivyopatikana, kwani nusura zisiwepo kabisa.

Katika miaka ya 1990 sehemu kubwa za Karura ziligawiwa kwa siri kwa watu binafsi ili zijengwe majumba. Habari zilipojulikana mwaka 1998, Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement, chama alichokianzisha mwaka 1977, waliingia msituni kupanda miche pale palipokwisha kufyekwa. Tarehe 8 Januari 1999, walipofika langoni na miche yao, pamoja na wabunge na waandishi wa habari, walishambuliwa na kundi la watu waliokodiwa. Profesa Maathai alipasuliwa kichwa. Alikwenda kuandikisha malalamiko yake polisi, na hati ile aliitia sahihi kwa damu yake mwenyewe.

Wanafunzi, viongozi wa dini na wananchi wengi waliunga mkono madai hayo. Mwezi Agosti mwaka huo huo Rais Daniel arap Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipewa Nishani ya Amani ya Nobel, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki dunia tarehe 25 Septemba 2011, na ndani ya msitu ipo sehemu iliyotengwa kwa kumbukumbu yake.

Lakini kuokoa msitu ni jambo moja, na kuufanya uingilike ni jambo jingine. Kwa miaka mingi Karura iliogopwa. Wanyang'anyi walijificha humo, na mtu mwenye busara hakudiriki kukatiza peke yake. Mabadiliko yalianza baada ya mwaka 2009, pale Huduma ya Misitu ya Kenya iliposhirikiana na chama cha wananchi kiitwacho Friends of Karura Forest. Uzio wa umeme ulijengwa kuuzunguka msitu, malango yakawekewa walinzi, na vijana wa vijiji vya jirani, kama vile Huruma, wakaajiriwa na kufunzwa kuwa askari wa doria. Watu ambao zamani walitazamwa kama hatari kwa msitu wakawa ndio walinzi wake. Wanyama nao walirudishiwa nafasi: kuanzia mwaka 2014 mbega weusi kwa weupe walihamishwa kutoka Kipipiri, katika Nyandarua, ambako walikuwa wakikosa makazi, wakaletwa Karura.

Leo njia za kutembelea, kukimbilia na kuendeshea baiskeli ndani ya Karura zinapita kilomita 50 kwa jumla. Njia panda zina vibao vyenye namba, na baiskeli za kukodi hupatikana karibu na lango la Barabara ya Limuru kwa wasio na zao.

DUARA HUANZA KWENYE KARATASI

Jambo la kwanza katika mpango ni kuchagua umbo la safari. Njia ya kwenda na kurudi pale pale ina faida moja, kwamba haipotezi mtu. Lakini watoto huchoshwa na kuona mara ya pili kile walichokwisha kukiona. Njia ya duara, yaani ile inayoanzia langoni na kurejea langoni bila kupita mahali pamoja mara mbili, huwa mpya mpaka mwisho. Kasoro yake ni kwamba duara halina huruma: mtu akichoka akiwa katikati, kurudi nyuma ni mbali sawa na kusonga mbele.

Kwa hiyo mpangaji mwangalifu hachori duara moja, bali mawili: duara kubwa analotumaini kulimaliza, na ndani yake njia ya mkato itakayomrudisha langoni iwapo mambo yataharibika. Katika Karura kazi hiyo hurahisishwa na zile namba za njia panda. Yatosha kuandika namba hizo kwa mfuatano kwenye kipande cha karatasi, na kutia alama penye mkato. Karatasi hiyo apewe mtoto mkubwa aisome kwa sauti kila wafikapo penye kibao. Atakuwa amepewa kazi ya heshima, na hatapata nafasi ya kulalamika.

Jambo la pili ni kukadiria muda. Mtu mzima mwenye afya, katika njia ya udongo, aweza kwenda kilomita 12 kwa saa bila taabu. Mtoto wa miaka tisa au kumi hatazidi kilomita 8. Duara la kilomita 12 basi litachukua saa moja na nusu ya kukanyaga pedali. Vikiongezwa vituo vitatu vya dakika 20 kila kimoja, inakuwa saa mbili na nusu. Ikiongezwa tena nusu saa kwa ajili ya pancha au mnyororo uliotoka, zinatimia saa tatu. Familia ikianza saa mbili asubuhi itakuwa imerejea langoni saa tano, kabla ya jua kuwa kali. Si vyema kuanza alasiri, maana chini ya miti giza huingia mapema kuliko uwanjani, na malango hayamngojei mtu.

MTO HUVUKWA MARA MBILI

Wengi hudhani kwamba njia ya kando ya mto lazima iwe tambarare. Huenda ikawa hivyo katika mito mikubwa ya nchi ya chini, lakini Karura ni nchi ya migongo na mabonde. Mto uko chini, lango liko juu. Maana yake ni kwamba kila anayeshuka kuutazama mto atalipa deni hilo kwa kupanda, na aghalabu deni hudaiwa wakati miguu imekwisha kuchoka.

Hapa ndipo inapofaa kufikiri juu ya upande wa kuzunguka. Duara moja lina safari mbili ndani yake, kutegemea kama mtu amelizunguka kwa mkono wa kuume au wa kushoto. Upande mmoja utakuwa na mteremko mkali na mpando wa polepole. Upande wa pili utakuwa kinyume chake. Kijana mwenye kiburi atapenda kuteremka pale penye ukali. Mzazi mwenye watoto na achague kinyume: pale penye ukali papandwe, hata kama ni kwa kushuka na kuikokota baiskeli, na pale penye upole ndipo pateremkwe. Mpando haujamvunja mtu mkono. Mteremko umewavunja wengi, hasa wale wenye breki dhaifu na mikono midogo.

Lipo jambo jingine ambalo husahauliwa na wengi. Anayetoka langoni na kurejea langoni kwa duara, kama ameuvuka mto mara moja, lazima auvuke tena ili arudi upande wake. Basi njia yenye daraja moja tu haimalizi duara. Hapana budi kuwe na madaraja mawili, na yote mawili yawe yanapitika. Daraja la kwanza likiwa zima na la pili likiwa limefunikwa na maji, familia itajikuta ng'ambo ikiwa imechoka, na njia pekee iliyobaki ni ile ndefu ya kurudi ilikotoka. Swali la kumwuliza askari wa lango asubuhi, hasa wakati wa masika baina ya Machi na Mei, na wakati wa vuli baina ya Oktoba na Desemba, si "Njia ni nzuri?" bali "Madaraja yote mawili yanapitika?" Udongo mwekundu wa huko ukilowa huteleza kama sabuni, na siku iliyofuata mvua kubwa ni afadhali kubaki kwenye njia pana za juu.

Maporomoko na mapango yasikosekane katika mpango, lakini yahesabiwe kuwa kituo, si sehemu ya mbio. Mteremko wa kuyafikia ni wa kwenda kwa miguu. Baiskeli huachwa juu, na mmoja wa wakubwa hubaki nazo au zikafungwa kwa mnyororo. Kituo hicho kikiwekwa karibu na nusu ya duara, kitawapa watoto kitu cha kutazamia wanapokwenda na kitu cha kusimulia wanaporudi.

MWENDO NI WA ALIYE NYUMA

Askari ye yote aliyetembea katika msafara anajua kwamba mwendo wa kundi si mwendo wa aliye mbele, ila ni wa aliye nyuma kabisa. Kanuni hiyo ni ya kweli katika njia ya baiskeli. Mtu mzima mmoja atangulie, naye ajizuie. Mtu mzima wa pili awe wa mwisho, wala asimpite mtu hata kama anaona uvivu. Watoto wawe katikati, na baina ya baiskeli moja na nyingine kuwe na nafasi ya urefu wa baiskeli tatu au nne, na mara mbili ya hiyo penye mteremko. Atanguliaye asimame penye kila njia panda mpaka amwone wa mwisho kwa macho yake.

Katika familia nyingi baba ndiye atakayetaka kutangulia. Lakini yafaa mara moja moja akae nyuma. Aliye mbele huona miti. Aliye nyuma huwaona watoto wake. Atamwona yule anayeng'ang'ania bila kusema kwamba amechoka, na yule anayemngojea mdogo wake bila kuambiwa. Mtu aliyezoea kuamrisha kazini atajifunza kungoja, na hilo nalo ni faida ya likizo.

UKAGUZI WA JIONI

Baiskeli zikaguliwe jioni ya kuamkia safari, si asubuhi langoni. Breki za mbele na nyuma zikaminywe na gurudumu lijaribiwe kama linasimama. Tairi lipigwe pampu mpaka kidole gumba kisibonyeze kwa urahisi. Mnyororo utiwe mafuta kidogo na kufutwa, kwani mafuta mengi hukusanya vumbi. Kiti cha mtoto kirekebishwe ili, akiwa amekaa, aweze kugusa chini kwa ncha za vidole vya miguu yote miwili. Kofia ngumu za kichwani zifungwe kidevuni. Kofia iliyolegea haina kazi.

Mkoba wa mbele uwe na pampu, viraka na gundi yake, spana, kitambaa safi, dawa ya vidonda na plasta. Mkoba wa pili uwe wa chakula. Mama wa nyumba wanajua kwamba chakula cha njiani lazima kistahimili mtikisiko: mayai ya kuchemsha, viazi vitamu vilivyopikwa na maganda yake, chapati zilizokunjwa, ndizi ambazo hazijaiva sana. Maji yawe lita moja kwa kila mtu, na wote wanywe kabla ya kuona kiu. Chakula kikubwa kingoje mwisho wa safari, maana tumbo zito halipandi kilima.

ADABU YA NJIA

Waendao kwa miguu wana haki ya kwanza. Mwendesha baiskeli hupiga kengele mapema, hupunguza mwendo na kuamkia. Kimya cha kumpita mzee kwa nyuma ghafla ni utovu wa adabu, tena ni hatari. Njia nyembamba za ukingoni zilizowekewa alama ya waendao kwa miguu ziheshimiwe. Kima na mbega wasipewe chakula, kwa kuwa mnyama aliyezoea mkono wa mtu huishia kunyang'anya. Taka zote zirudi nyumbani katika mkoba ule ule uliobeba chakula.

Nao wasioweza kufika Nairobi wasidhani kwamba mpango huu hauwahusu. Mahali popote penye miti, maji na njia mbili za kuvukia, duara laweza kuchorwa. Kwanza lipitiwe na mkubwa mmoja peke yake, ahesabu madaraja na kupima mipando. Kisha aulize wenyeji ni saa ngapi na siku zipi njia hiyo ni salama. Kanuni ni zile zile: mkato uandaliwe kabla ya kuhitajika, ukali upandwe badala ya kuteremkwa, mto uvukwe kwa hesabu, na mwendo uwe wa aliye nyuma.

Lakini Karura ina funzo moja la ziada, ambalo haifai watoto walikose. Kabla ya kuondoka langoni waambiwe kwamba mahali wanaposimama palikuwa pajengwe majumba, na kwamba watu walipigwa hapo wakiwa na miche mikononi. Waambiwe pia kwamba walinzi wanaowaona ni vijana wa vijiji vya jirani. Njia waliyokanyaga siku hiyo haikujileta yenyewe. Imetetewa, imezungushiwa uzio, inafagiwa na kulindwa kila siku, na itadumu kwa muda ule tu ambao watu watajali kuipita na kuilinda. Mtoto anayeyafahamu hayo hatatupa ganda la ndizi katika mto, wala hatahitaji kuambiwa mara ya pili.